Gemu inakwama kwenye TV: tafuta chanzo kabla hujanunua ruta mpya

Simu ninazopigiwa kuhusu gemu za wingu karibu zote huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, intaneti yangu nzuri, filamu hazikwami hata kidogo, ila gemu ndiyo inanisumbua." Anayesema hivyo hadanganyi. Filamu hupakuliwa mbele. Wewe uko dakika ya kumi, TV imeshaweka akiba ya sekunde nyingi zinazofuata, kwa hiyo mtandao ukiyumba sekunde mbili huoni kitu. Gemu ya wingu haina akiba. Picha inachorwa kwenye seva ya mbali baada ya wewe kubonyeza kitufe, na kama ni picha 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7 tu kabla ya nyingine kuhitajika. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ikichelewa ni sawa na iliyopotea.

Ndiyo maana Mbps, yaani kipimo cha spidi, peke yake hazikusaidii kujua tatizo. GeForce NOW, kwa mfano, ambayo ni huduma ya gemu za wingu, inataka Mbps 15 kwa picha ya 720p na Mbps 25 kwa 1080p. Vifurushi vingi vya faiba ya nyumbani vinafika hapo. Watu wanaangushwa na mambo mengine matatu: muda wa pakiti kwenda na kurudi, yaani pingi, kuyumba kwa muda huo, na pakiti zinazopotelea njiani. Huduma hiyohiyo inataka pingi isizidi milisekunde 80 hadi kwenye seva yake, na inashauri iwe chini ya 40.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, maana mteja hunieleza anachokiona, hanielezi chanzo. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, na kipimo kisichohitaji hela.

Kwanza, pima njia kwa vipande

Njia ina vipande vitatu: kutoka TV hadi ruta yako, kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma hadi seva ya gemu. Ukijua kipande kibovu, nusu ya kazi imeisha.

Chukua kompyuta mpakato, iweke palepale TV ilipo, siyo kwenye kochi. Iunge kwenye Wi-Fi ileile inayotumiwa na TV. Fungua dirisha la amri (Command Prompt kwenye Windows) uandike ping -t 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Iache dakika mbili nzima. Kwenye Wi-Fi nzuri utaona 2, 3, 2, 4, mara mojamoja 10. Ukiona 3, 4, 85, 3, 210, kisha ujumbe kwamba muda umekwisha bila jibu, tatizo liko ndani ya nyumba yako, na hakuna kifurushi kikubwa kitakacholiondoa.

Halafu pima nje: ping -t 1.1.1.1. Hapa kuna mtego unaowapata wengi. Anwani kama 1.1.1.1 na 8.8.8.8 zina seva katika miji mingi duniani, na jibu hutoka kwenye seva ambayo njia ya mtandao wako inaifikia kwa urahisi. Kipimo cha spidi nacho huchagua seva ya karibu, mara nyingi ndani ya mji wako. Namba hizo zinakuonyesha hali ya kipande cha pili, lakini hazikuambii chochote kuhusu seva ya gemu iliyo nchi nyingine. Kwa kipande cha tatu, tumia kipimo cha mtandao kilichomo ndani ya programu ya gemu yenyewe, kwenye mipangilio yake.

Andika namba zote tatu kwenye karatasi pamoja na saa uliyopima. Utazihitaji baadaye.

Dalili: picha inaganda, inaruka, au inavunjika vipande vya mraba

Hii ndiyo inayoongoza, na chanzo chake nyumba nyingi ni Wi-Fi.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, azima waya wa mtandao wa mita 10 au 15, uutandaze sakafuni kutoka ruta hadi TV, ucheze jioni moja. Haidhuru waya ukipita katikati ya sebule, ni wa majaribio. Gemu ikitulia, umepata jibu. Ikiendelea kuganda vilevile, acha Wi-Fi na uende kwenye dalili ya usiku hapo chini.

Jambo moja usilishtukie: ukipima spidi kwenye TV kwa waya unaweza kuona Mbps 94 au 95 na isizidi hapo, wakati Wi-Fi ilikuwa inatoa 200. TV nyingi, hata za bei kubwa, zina tundu la waya la Mbps 100 tu. Siyo ubovu. Gemu inahitaji 25 zilizotulia, na waya unazitoa bila kuyumba.

Kama waya umethibitisha kwamba Wi-Fi ndiyo mbaya, fuata mpangilio huu:

1. Ruta imewekwa wapi? Nyumba moja ya Tabata niliikuta ruta ndani ya kabati la vyombo, rafu ya chini, nyuma ya mrundiko wa sahani. Mgongo wa kabati ulikuwa kioo cha kujitazamia, na juu ya ruta mama mwenye nyumba alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma ili kabati lipendeze. TV ilikuwa hatua sita tu kutoka hapo. Pingi ilikuwa 4, 6, 190, 5, 340. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, na utando huo unarudisha mawimbi. Kitambaa nacho kilikuwa kimeifanya ruta iwe ya moto mpaka huwezi kuishika kwa muda. Tuliitoa, tukaipandisha juu ya kabati, antena zikasimama wima. Pingi ikawa 2, 3, 2, 2. Sikumuuzia kitu chochote. Kwa hiyo anza hapa: ruta iwe juu, wazi, mbali na chuma, kioo cha kujitazamia, tangi la samaki na friji. Isiwe nyuma ya TV yenyewe, maana TV ni bapa kubwa lenye chuma.

2. TV iko kwenye masafa gani? Ruta nyingi zinarusha 2.4 GHz na 5 GHz kwa jina moja, TV inajichagulia, na mara nyingi inachagua ile yenye mawimbi yanayofika mbali, yaani 2.4. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uyatenganishe majina, kisha iambie TV isahau 2.4 kabisa. Hiyo 5 GHz haina uhusiano na 5G ya simu, ingawa watu wengi wanazichanganya.

3. Majirani. Ukikaa ghorofani Kariakoo au Upanga, simu yako itaorodhesha mitandao mpaka uchoke kushusha. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kuonyesha chaneli kwenye simu ya Android, tafuta ipi ina watu wachache karibu yako, chagua hiyo na upana wa 20 MHz. Usichague 3 au 8 ukidhani umekwepa, hapo unagongana na pande zote mbili. Kwenye 5 GHz anza na chaneli 36 hadi 48. Pakiwa na msongamano, upana wa 40 MHz hutulia kuliko 80, hata kama kipimo cha spidi kitashuka.

4. Kuta. Ukuta wa tofali mmoja 5 GHz inaupita kwa shida kiasi, wa zege lenye nondo inaumia sana. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe Unguja na Mji wa Kale Mombasa zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na sijaona ruta inayozipita mbili kwa kiwango cha kuchezea gemu. Hapo dawa ni kuvuta waya hadi chumba cha TV na kuweka kifaa cha pili cha Wi-Fi mwisho wa waya.

5. Kirudisha mawimbi, kile kinachochomekwa kwenye soketi na kuuzwa kama dawa ya kila kitu. Vile vya bei nafuu vinapokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kila pakiti inatumia hewa mara mbili na spidi inashuka karibu nusu. Kwa kusoma habari kinafaa. Kwa gemu, kichomoe ujaribu bila hicho. Ruta za seti, mbili au tatu zinazoshirikiana, ni bora zaidi, lakini zikiunganishwa kwa waya baina yake ndipo utaona faida yake kwenye gemu.

6. Unatumia kijiti cha HDMI nyuma ya TV? Kimebanwa kati ya ukuta na bapa la chuma. Ongeza kipande kifupi cha waya wa HDMI ili kitokeze pembeni. Na umeme wake usiuchukue kwenye tundu la USB la TV: tundu la kawaida la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, wakati kijiti kikiwa na kazi nzito kinataka zaidi. Tumia adapta iliyokuja nacho.

Kuna wanaotumia waya na bado picha inavunjika. Hawa huwa ninaukata waya wenyewe. Sokoni umejaa waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba juu, unauzwa kama shaba halisi. Chuna uzi mmoja, ukwaruze kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu. Inakatika ndani ikikunjwa, na upotevu wake wa pakiti unakuja na kuondoka kila mtu anapokanyaga zulia. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, na urefu usizidi mita 100. Ukibana vichwa mwenyewe, mpangilio wa rangi ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili sawa.

Dalili: picha safi kabisa, lakini mchezaji anachelewa kukutii

Unabonyeza kupiga, mpira unaondoka baadaye. Hakuna kuganda, hakuna miraba. Watu wanalaumu mtandao moja kwa moja, kumbe mara nyingi ni TV.

Runinga za kisasa zinachakata picha kabla ya kuionyesha: zinalainisha mwendo, zinaongeza ukali, zinapunguza chembechembe. Kazi hiyo inaweza kuongeza milisekunde mia moja na zaidi. Tafuta modi ya gemu kwenye mipangilio ya picha uiwashe. Kama unacheza kwa programu iliyomo ndani ya TV yenyewe, hakikisha modi imewaka wakati programu hiyo iko wazi, kwa sababu TV nyingi hukumbuka mpangilio wa picha kwa kila chanzo peke yake. Uliiwasha kwenye HDMI 1, haimaanishi imewaka kwenye programu. Zima pia kila kinachoitwa kulainisha mwendo.

Chanzo cha pili ni umbali, na hapa nasema wazi kwa sababu watu wanatumia hela nyingi kupigana nao. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi, kabla hujahesabu kifaa chochote njiani. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka: milisekunde 25 kama njia ingenyooka. Hadi Frankfurt ni karibu 7,000: milisekunde 70. Lakini nyaya hazinyooki. Zinapita Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Mediterania, kwa hiyo namba halisi ya Ulaya kutoka pwani yetu huvuka 100. Hakuna ruta, hakuna kifurushi, hakuna mpangilio utakaoifupisha safari hiyo. Ukifungua programu ya gemu na ikakuwekea seva ya Ulaya, angalia kama unaweza kuchagua ya Afrika Kusini. Kama haipo, gemu za kupigana na za mpira zitakutesa, ila za kupanga mikakati na za hadithi zinachezeka.

Nyaya hizo nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na Afrika Mashariki nzima ilitaabika. Siku kama hizo pakiti zinazungushwa njia ndefu na pingi inapanda bila wewe kugusa kitu. Pingi yako ya nje ikiruka ghafla kutoka namba uliyoizoea na majirani wa kampuni nyingine wanalalamika vilevile, subiri. Usianze kubadilisha mipangilio utakayosahau kuirudisha.

Kwa wanaonisoma kutoka London, Munich au Minneapolis, umbali siyo tatizo lenu. Kwenu seva ziko karibu, na linalobaki mara nyingi ni suala la ndani ya nyumba.

Vyanzo vingine vidogo: VPN iliyoachwa inafanya kazi kwenye ruta, inayoipeleka pakiti nchi ya tatu kwanza. Kubadilisha DNS hakusaidii hapa. DNS inatafuta anwani ya seva mwanzoni tu, gemu ikishafunguka haina kazi tena. Nimewakuta vijana wameshajaribu DNS nane, wamechoka, na modi ya gemu haijawashwa.

Kama una kompyuta ya gemu au PlayStation chumba kingine na tatizo ni umbali, kuna njia ninayoipendekeza kwa moyo wote: tumia kifaa chako kama seva. Steam Link, Moonlight na Remote Play ya PlayStation zinarusha picha kutoka kwenye mashine yako hadi TV ndani ya nyumba. Njia yote ni ruta yako. Unga mashine kwa waya, TV kwa waya au 5 GHz nzuri, na safari ya mtandao itakuwa milisekunde chache tu. Picha hazigusi bando lako pia.

Dalili: mchana shwari, usiku haichezeki

Fungua Fast.com kwenye kompyuta, bonyeza kuonyesha taarifa zaidi. Utaona pingi mbili: mtandao ukiwa mtupu, na ukiwa umejaa. Ya kwanza ikiwa 20 na ya pili 300, ruta yako inapanga foleni ndefu mno. Mtu mmoja akipakia video, pakiti ndogo za pedi yako zinasimama nyuma ya mzigo wake wote. Usiku ndipo simu zote za nyumbani zinarudi, zinaunga Wi-Fi na kuanza kupandisha picha za mchana kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hakuna aliyeagiza, zinafanya zenyewe.

Jaribio la bure: waombe watu wa nyumbani wazime Wi-Fi za simu kwa dakika kumi ucheze. Ikitulia, weka uhifadhi wa picha ufanyike alfajiri, au uuzime kwenye simu mbili tatu zinazopiga picha sana.

Dawa ya kudumu ni ruta yenye uwezo wa kupanga foleni kwa haki. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, inaitwa SQM, na chaguo la kutumia ni CAKE. Pima spidi yako halisi, kisha weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya namba hiyo, kwa kupakua na kupakia. Kama unapata 30 kwa 30, andika 26 kwa 26. Unatoa spidi kidogo ili foleni ibaki ndani ya ruta yako, mahali unapoitawala. Ruta nyingi za kupewa na kampuni hazina kitu hiki, na ile QoS yao, ya kuvipa vifaa kipaumbele kwa kuburuta majina yake, inasaidia kiasi tu. Usiweke OpenWrt kwenye ruta ya mtoa huduma: ni mali yake, na ukiiharibu utalipa.

Kama nyumba nzima imezimwa Wi-Fi, uko kwenye waya, na bado usiku ni mbaya, msongamano uko kwa mtoa huduma. Pima saa 11 alfajiri na saa 3 usiku, siku nne mfululizo. Tofauti kubwa inayojirudia ndiyo ushahidi.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu, 4G au 5G, dalili hii ni yao hasa, maana mnara ni wa mtaa mzima. Ingia kwenye ukurasa wa ruta usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, na SINR, yaani usafi wake dhidi ya kelele. RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni mbaya. SINR ya 20 ni nzuri, ya 0 haifai. Hamisha ruta dirisha kwa dirisha ukisoma namba hizo. Upande mmoja wa nyumba unaweza kutofautiana na mwingine kuliko unavyodhani. Dirisha lenye nondo nene linakula mawimbi, kwa hiyo jaribu pia barazani. Na piga hesabu ya bando: Mbps 25 kwa saa moja ni GB 11 na zaidi kidogo. Bando la GB 10 halifiki mwisho wa mechi ya tatu, na hata vifurushi visivyo na kikomo vingi hupunguza spidi ukishapita kiasi fulani.

Dalili: inakatika kabisa dakika moja au mbili, kisha inarudi

Tazama taa za ruta wakati inakatika. Usisubiri irudi.

Taa zote zikizimika na kuwaka upya, ni umeme. Adapta iliyochoka au voltiji ya mtaa inayoshuka jioni inaizima ruta kwa nusu sekunde tu, lakini inachukua dakika mbili kuamka. Soma kwenye adapta: kama ruta inataka 12V na 1.5A, usiweke ya 12V na 0.5A kwa sababu kichwa kimeingia. UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inamaliza tatizo hili.

Taa zinawaka, ila Wi-Fi ya 5 GHz tu inapotea: angalia chaneli. Chaneli 52 hadi 144 zinashirikiwa na rada. Ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, na kabla ya kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo inasikiliza angalau dakika nzima. Ukikaa karibu na uwanja wa ndege au bandari, weka 36 hadi 48 kwa mkono.

Ukiwa na Starlink, angalia kwenye programu yake kama kuna kizuizi angani. Tawi moja la mwembe linatosha kukukata sekunde chache kila baada ya muda.

Taa ya LOS ikiwaka nyekundu kwenye kifaa cha faiba, mwanga haufiki. Hapa simama. Unachoweza kufanya ni kuangalia kwa macho kama waya mwembamba umekunjwa kwa kona kali au umebanwa na mguu wa kabati, na kuulegeza taratibu. Usichomoe kichwa cha kijani, usikifute kwa shati, na kamwe usitazame ndani yake: mwanga ule ni leza isiyoonekana kwa macho. Kama ukurasa wa ruta unaonyesha nguvu ya mwanga inayopokelewa, inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm. Ikiwa -29, mpigie mtoa huduma umwambie namba hiyo.

Simama pia kama waya wa mtandao unatoka juu ya paa, wa antena au dishi. Msimu wa masika, mvua yenye radi ikianza, chomoa mapema. Usiuguse radi ikiwa inapiga, na usipande paa lenye maji. Na kama soketi ya TV au ya ruta ina weusi, harufu ya kuungua, au bodi ya TV inakupiga shoti ukiigusa, zima swichi kuu umwite fundi umeme mwenye leseni, kwa Tanzania ile ya EWURA. Mtu wa mitandao kama mimi siyo wa kufungua soketi hiyo.

Dalili: pedi inakatika au kitufe kinajibonyeza

Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi ya zamani na ya tanuri la maikrowevu. Kwanza chaji pedi au badilisha betri. Kisha hamishia TV kwenye 5 GHz au waya, hewa ya 2.4 ibaki kwa pedi. Kisha angalia nyuma ya TV: diski ya nje ya USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa hayohayo, na huwa imechomekwa sentimita chache tu kutoka kwenye redio ya Bluetooth. Ichomoe ujaribu. Nimeona pedi iliyokuwa inakatika kila dakika ikatulia kwa kuondoa diski ya filamu tu.

Sauti peke yake ikichelewa, ni spika au hedifoni za Bluetooth. Tumia waya au HDMI ARC, yaani tundu la HDMI la TV linalotoa sauti kwenda kwenye spika.

Dalili: gemu haifunguki kabisa

Angalia saa na tarehe ya TV. Umeme ukikatika baadhi ya TV hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na programu inakataa kuunga kwa sababu vyeti vya usalama vya seva havilingani na tarehe hiyo. Halafu sasisha programu. Halafu thibitisha kwamba huduma inaruhusiwa nchini kwako. Orodha iko kwenye tovuti ya huduma yenyewe, isome kabla ya kulipia mwezi.

Ukimpigia mtoa huduma

Ukisema "intaneti inasumbua" utaambiwa uzime ruta na uwashe. Mpe namba za karatasi yako kwa mpangilio: "Niko kwa waya, Wi-Fi nimezima. Pingi hadi ruta ni 1. Pingi ya nje saa 11 alfajiri ni 25, saa 3 usiku ni 180, na pakiti 6 kati ya 100 zinapotea. Siku nne mfululizo. Nguvu ya mwanga ni -21." Mwenye kupokea simu hana cha kukuuliza zaidi, atakupeleka kwa watu wa kiufundi. Omba namba ya malalamiko, uiandike chini ya vipimo hivyohivyo, na siku ukipiga tena anza na namba hiyo.